Mlango Usio na Ngazi

Settimio alikufa siku ya mazishi ya mkewe, na kilichomwua ni miguu yake mwenyewe. Pumzi alikuwa nayo. Kikohozi chake cha vumbi la chokaa alikuwa nacho, na njaa, na kidole gumba kilichopondwa na jiwe tangu ujana. Alichokosa ni mtu wa kumwitikia. Mtaniuliza, ala, kwani mtu hufa kwa kukosa kuitikiwa? Ngojeni kwanza, msinikimbize. Mji wenyewe haujui haraka, umekaa juu ya kilima chake kama kuku anayeatamia, na anayetaka kuufahamu lazima aupande polepole.

Jina la mji huo silitaji, maana kila zama ziliupa jina jipya na kila jina likachakaa. Waliuanzisha watu wa kale ambao maandishi yao hakuna anayeyasoma tena. Wakaja wenye kupenda barabara zilizonyooka, wakaja maaskofu, wakaja mabwana wa minara. Hao mabwana ndio kichekesho. Kila ukoo ulijenga mnara, na kila mnara sharti uupite wa jirani, mpaka vichochoro vikawa havilioni jua ila adhuhuri. Akatokea mtawala akaamuru minara yote ikatwe, isizidi ule wa kengele ya mji. Ikakatwa. Visiki vyake vipo hadi leo, njiwa wanazaa humo, na zile koo kubwa zimebaki kuwa majina ya vichochoro.

Lakini urithi mkubwa wa mji huo ulikuwa milango yake. Kila nyumba ilikuwa na miwili. Mmoja mpana, una ngazi na komeo, wa kutokea kwenda kununua mkate, kugombana na jirani, kuposa na kuposwa. Wa pili ulikuwa mwembamba, upana wa jeneza na kiganja, umekatwa juu ukutani usawa wa bega la mtu mzima. Hauna ngazi, hauna kitasa, hauna bawaba, kwa sababu siku zote umezibwa kwa matofali. Huo ndio mlango wa mauti. Hubomolewa siku mtu wa nyumba hiyo anapofariki, maiti akapitishwa, ukazibwa siku hiyohiyo watu hawajala chakula cha matanga. Waliamini kwamba mauti, yakishaijua njia, hurudi. Basi wakayapa mlango wake, wakauziba, yasije yakauzoea ule wa watu.

Asili ya milango hiyo alijidai kuijua Bwana Fosco, mpiga kengele wa mji, ambaye pia ndiye aliyewatembeza wageni. Alikuwa na maelezo matatu, na alitoa lile lililolingana na viatu vya mgeni. Wenye viatu vya kung'aa aliwaambia habari za vita vya koo: eti mlango uliwekwa juu ili ngazi ya mbao ivutwe ndani na adui abaki chini akibwekabweka. Wenye viatu vya kizee aliwaambia habari za tauni. Wanafunzi, ambao viatu vyao vilikuwa vimechoka, aliwaambia kwamba hapakuwa na mauti wala nini, ulikuwa mlango wa kupandia ghorofani tu, chini kulikuwa na duka. Yote matatu aliyaapia kwa mkono kifuani. Kisha akirudi nyumbani kwake hupita mbali na mlango wake mwembamba, tena kwa kunyata.

Mwacha mila ni mtumwa, wamesema wahenga, na mimi sibishani na wahenga. Nauliza tu: na anayeifuata mila mpaka ikamla, huyo tumwite nani? Hamna jibu. Sawa, hata Settimio hakuwa nalo.

Yeye alikuwa mwashi, na kazi yake hasa ilikuwa milango hiyo. Aliirithi kwa baba yake, na baba kwa babu. Kila siku ya msiba aliingia kwa mlango mpana na nyundo, akaubomoa mwembamba kutoka ndani, akasogea pembeni wachukuzi wapite na jeneza hadi kwenye jukwaa la mbao lililowekwa nje. Wao wakishashuka, yeye hubaki ndani, hujenga upya, hunawa, hutoka kwa mlango mpana na kuwaambia wafiwa, "Poleni." Nao humjibu, "Tumeshapoa." Mwashi hubaki ndani. Hata watoto wa mji huo walipocheza mchezo wa maziko kwa vijiti walijua kwamba mwashi hubaki ndani, na aliyesahau alitolewa mchezoni.

Akafa Delfina, mkewe. Mwanamke wa kucheka kwa sauti, aliyekuwa akimwita "bwana matofali" mbele ya kadamnasi na kumsababishia aibu tamu. Settimio akaubomoa mlango wa nyumba yake mwenyewe bila mkono kutetemeka, watu wakamsifu kwa kupiga moyo konde. Jeneza likapita. Akaliona likishuka jukwaani, likikata kona ya chemchemi, na nyuma yake nyumba ikawa tupu kwa namna ambayo hajapata kuisikia, yeye aliyezizoea nyumba za watu zikiwa tupu. Miguu haikuomba ruhusa. Alipozinduka yupo nje juani, juu ya jukwaa. Lo! Hatua moja tu ingemrudisha ndani, na pengine watu wangejitia hamnazo. Ila mazoea nayo ni bwana mkali. Mkono uliona mlango wazi, mkono ukashika mwiko. Akageuka, akauziba kwa nje, tofali juu ya tofali, akapiga lipu safi kabisa, mji mzima ukimtazama. Binti yake Nives alikuwa ndani ya chumba kilekile, akiuona uso wa baba yake ukipungua, mpaka tofali la mwisho likaufunika.

Aliposhuka akasema, "Poleni." Hakuna aliyeitikia. Akadhani ni uchungu. Akafuatana nao hadi kwenye matanga, akakuta mishumaa miwili imewashwa, na padri anawaombea marehemu wawili.

"Jamani, mimi huyu hapa," akasema.

Mama Zelinda, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, alikuwa ameketi karibu yake kiasi cha kugusana viwiko. Akajipangusa machozi, machozi ya kweli, akamgeukia mwenzake wa upande wa pili. "Alikuwa mtu mwema, Settimio," akasema. "Hakumwacha mkewe aende peke yake."

Msidhani walikuwa makatili. Laiti wangekuwa! Mkatili unaweza kumtukana, naye akakutukana, mkawa angalau mmezungumza. Hawa walimpenda. Kwao aliyekwisha kupita mlango ule ni maiti, awe amebebwa au amejibeba, na maiti akiitikiwa hukwama, hapati raha alizotayarishiwa. Kumnyamazia ndiyo heshima ya mwisho. Kwa hiyo walimnyamazia kwa bidii, kwa adabu, kwa upole mwingi. Akipita sokoni walimpisha njia huku wakitazama mawingu. Walimwekea mkate na maji kwenye kizingiti cha dirisha, kama wanavyowawekea marehemu wote siku ya kuwakumbuka, isipokuwa yeye walimwekea kila siku. Baridi ilipoanza, Mama Zelinda alitokea dirishani na sweta la marehemu mumewe, akalianika juu ya ukuta mfupi. Kisha akamwambia paka wake kwa sauti ya kusikika hadi chemchemini, "Paka, kuna watu wanakohoa ovyo kwa kiburi cha kutovaa. Wewe ungekuwa wao ungevaa." Settimio akalivaa. "Asante, Mama Zelinda," akasema. Dirisha likafungwa taratibu.

Alilala katika kisiki cha mnara mmoja, pamoja na njiwa. Mchana alifanya kazi, maana mwashi asipofanya kazi mikono humwuma. Palipobomoka alijenga, palipovuja aliziba. Watu wakiamka wakakuta ukuta umepona husema, "Mji wetu huu unajitengeneza wenyewe," wakamshukuru mtakatifu wao. Hilo halikumkera. Lililomkera, lililomla hasa, lilikuwa moja tu. Kila asubuhi alisimama mbele ya mlango mpana wa nyumba yake na kupiga hodi. Ndani alikuwamo Nives, mwanawe wa pekee. Alimsikia akitembea, akiweka sufuria, akikohoa kikohozi kilekile cha ukoo.

"Hodi, Nives."

Kimya.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi."

Ng'o. Mji mzima ungeweza kumtia Settimio kaburini, angevumilia. Alitaka huyu mmoja amwitikie, hata kwa kumfukuza. Neno moja la Nives, alijiambia, na nitakuwa hai hata wengine wakikataa. Maana ndani yake lilikuwa limeota swali ambalo halikumwachia nafasi ya kulala: uhai unakaa wapi? Umo ndani ya kifua, au upo katikati, pale sauti ya mtu inapokutana na ya mwenzake?

Mtu ni watu, tunasema, na tunalisema tukiwa tumekaa pamoja, tumeshiba, tunacheka. Lisemeni mkiwa peke yenu mbele ya mlango wenu wenyewe. Hapo ndipo mtaona lina meno. Kama mtu ni watu, basi watu wakijitoa, kinachobaki ni nini? Kinakohoa, kinasikia njaa, kinajua kuchanganya chokaa na mchanga. Kina kumbukumbu ya mwanamke anayecheka. Lakini kikisema "mimi", neno linakwenda, linagonga mawe, linarudi vilevile bila kubebwa na mtu. Settimio alianza kuliogopa neno hilo. Aliacha kulitumia, akajizungumzia kama jirani: Settimio ana usingizi, Settimio hapendi mvua hii.

Usiku tu, kisikini, lilimponyoka: Mwashi wa nani? Wa mji. Mji uko wapi? Huu hapa, naugusa, una baridi. Nao unanigusa? Jiwe nikiliweka hukaa. Kwa hiyo nipo. Lakini upepo nao huweka vitu, na hakuna anayeuuliza hali. Labda ndivyo nilivyo. Upepo wenye mwiko. Delfina, wewe ulikwenda wapi? Nilikufuata, mama, nikakukosa hatua tatu tu nje ya mlango. Ulikuwa umefika, mimi sijafika. Wao wananiona nimefika. Nani atakayenihukumu kwa haki, mimi ambaye sipo huku wala huko?

Na zama nazo zikaanza kumchezea. Aliyetolewa katika hesabu ya watu hana kalenda, siku hazimshiki. Asubuhi moja alikata kona ya chemchemi akawakuta watia rangi, wale waliokuwa wakitia nguo buluu enzi za babu wa babu zake, mikono yao imebadilika rangi hadi viwikoni, maji yote ya mfereji yamekuwa kama mbingu. Akawasalimu. Wakaendelea kukamua vitambaa. Siku nyingine alikuta askari wa yule mtawala wakikata minara, mawe yanaanguka, mabibi wa koo kubwa wanalia vichochoroni. "Jihadharini na jiwe hilo!" akapiga kelele. Hakuna aliyeinua kichwa. Hapo ndipo alipofahamu hasara yake ilivyo pana. Walio hai hawakumwitikia kwa kuwa amekufa. Wa kale hawakumwitikia kwa kuwa bado hajazaliwa. Mji wenye watu wa zama zote, na yeye hakuwa wa hata moja.

Siku hiyohiyo ya minara alimwona mwashi mmoja akifungua mlango wa mauti katika nyumba asiyoijua. Mwashi yule alikuwa na mgongo wa Settimio, kikohozi chake, na kidole gumba kilichopondwa. Huenda alikuwa babu, huenda alikuwa yeye. Jeneza likapita, wanawake wakalia, mwashi akasimama kidogo kizingitini akilitazama linavyokwenda. Settimio akashika kichwa. "Usitoke," akamwambia. "Ndugu yangu, usitoke." Mwashi yule akarudi nyuma, akabaki ndani, akaanza kujenga. Settimio akakaa chini barabarani akalia kama mtoto.

Wageni wa Bwana Fosco ndio waliobaki. Hao hawakuijua mila. Siku moja mama mmoja mwenye kamera na kofia pana alimwambia, "Samahani baba, sogea kidogo, unaniharibia picha." Masalale! Settimio alisogea kwa furaha. "Nimesogea, mama. Nisogee tena?" Yule mama akacheka, akasema inatosha. Bwana Fosco akakohoa. "Unaongea na nani, mama? Hapo hapana mtu." Mgeni akadhani ni mzaha wa matembezi, akacheka zaidi, wakaenda zao kwa mlango wa mauti unaofuata. Furaha ile ilidumu mpaka jua likageukia magharibi. Halafu ikaisha, kwa sababu salamu ya mpita njia haina anayeikumbuka kesho yake. Settimio akawa na upweke mbaya kuliko wa jana, upweke wa aliyeonjeshwa.

Ndipo akaamua. Kama alikufa kwa kutoka, si arudi kwa kuingia? Mlango ni wake, matofali ni yake, nani angemzuia? Akachukua nyundo mchana kweupe akaenda nyumbani kwake. Akausimamia ule mlango mwembamba, ile lipu yake nzuri ya aibu. Akapiga. Pigo moja, zito, mawe yakaitika mtaa mzima.

Nyundo ikasimama hewani kabla ya pigo la pili. Alikumbuka jambo ambalo mwashi wa mauti hapaswi kulisahau hata usingizini. Mlango huo ukiwa wazi, kengele hulia. Kengele ikilia, wa nyumba ile amekufa, na mji hauendi kuchungulia umpime mapigo ya moyo. Nyumbani mle alikuwamo Nives peke yake. Akiubomoa yeye, atakuwa amemzika mtoto wake akiwa anapika supu. Nyundo ikashuka. Alikwenda zake akiwa na hasira na kila kitu, na kengele, na mtakatifu wao, na Delfina kwa kutangulia. Hasira ya kweli, ya kusaga meno. Mpaka siku hiyo alikuwa hajajua kwamba hata waliokufa hukasirika.

Kesho yake asubuhi hakupiga hodi. Alikuwa chemchemini, ameshachanganya ndoo ya chokaa, anaziba ufa wa birika, aliposikia sauti. Tok. Ikanyamaza. Tok, tok. Kila mwashi anaijua sauti ya tofali linalogongwa, na anajua limegongwa upande gani. Hili lilikuwa linagongwa kutoka ndani, nyumbani kwake. Nani amekufa? Hamna mtu mle ila Nives. Na kama ni yeye aliyekufa, anayegonga ni nani?

Alikimbia na ndoo mkononi, chokaa ikimrukia suruali. Mama Zelinda alikuwa tayari dirishani kwake, amekumbatia paka. Bwana Fosco alikuwa amesimama katikati ya mtaa, mdomo wazi. Lipu ya Settimio ilikuwa imara kwa nje, lakini kwa ndani hakuipiga kitu siku ile, angeipigaje? Kwa ndani palikuwa na matofali makavu tu. Yeye peke yake alijua jinsi ukuta ulivyo dhaifu upande huo. Ufa ukatokea, lipu ikapasuka, tofali likasukumwa, likaanguka miguuni pake. Kisha la pili na la tatu. Katika tundu likatokea jicho, halafu uso mzima wa Nives, umejaa vumbi, unamtazama. Unamtazama yeye.

"Baba," akasema. "Umekonda."

Settimio alikuwa ameliota neno hilo kwa namna nyingi. Akashika ukuta.

"Umeniita," akasema.

"Nimekuita. Jana nilisikia nyundo yako. Nikangoja pigo la pili, halikuja. Nikajua umeniogopea." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Wewe huwezi kuingia, baba. Basi mimi natoka. Sogea."

"Hutoki."

"Natoka! Kila asubuhi unapiga hodi, nami nauma shuka nisikuitikie. Wananisifu, ati binti mwema, anampumzisha baba yake. Mimi najiona nakuua kila siku, halafu naenda kununua mkate."

Nyuma yao Bwana Fosco alikuwa ameanza kuondoka, si kwa kukimbia, kwa ile hatua ya heshima anayokwenda nayo mnarani kushika kamba ya kengele. Mama Zelinda ameweka mkono kwenye ubao wa dirisha, tayari kulifunga. Alikuwa analia na hakuwa amelifunga bado.

"Nives, nisikilize. Huku hakuna mtu, mwanangu."

"Upo wewe."

Fikirini na nyinyi. Mtu amekaa na kiu muda wote huo, analetewa maji, tena na yule hasa aliyemtaka ayalete. Angenyosha mikono tu. Binti angeruka, angemdaka, wangekaa wawili katika kisiki cha mnara, wakaitana baba na mwanangu mpaka mwisho wa dunia. Alimwona akicheka kama mama yake. Aliitaka hali hiyo, msimfanye mtakatifu, aliitaka kwa mwili mzima. Kisha akayaona mengine. Nives akiwaamkia watu sokoni, nao wakitazama mawingu. Nives akipishwa njia kwa upole. Vijana waliokuwa wakimchungulia kanisani wakimwashia mshumaa. Na siku baba mtu atakapokufa kweli, mauti ya pili, atabaki na nani wa kumwita?

Akainama, akaokota tofali.

Mji ule haukuwahi kuwa na askari wa mila. Wa nini? Ulikuwa na mwashi. Settimio aliliona hilo wazi siku ile, kwamba mikono iliyomtoa duniani ni hii hapa, na hakuna mingine mjini inayojua kazi hiyo. Angeweza kuitupa nyundo na mwiko, mila ikafa na yeye. Lakini kengele ilikuwa hatua chache tu kutoka mkononi mwa Fosco, na mwanawe alikuwa tunduni. Mila ilikuwa na wakati wote wa kufa. Nives hakuwa nao. Akachota chokaa, akalirudisha tofali mahali pake.

"Baba, unafanya nini?"

"Nenda kwa mlango mpana. Vaa viatu. Ukifika nje, mtu akikuamkia, mwitikie."

"Nitavunja tena."

"Nitajenga tena."

Nives akalisukuma, naye akalishikilia kwa kiganja. Walisukumana hivyo, baba nje na mwana ndani, tofali katikati, mpaka likatulia. Akaweka la pili. Uso wa Nives ukabaki nusu.

"Baba, usiniache na hawa watu!"

Alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi, yalimjaa kinywani. Hapo ndipo akafahamu walichokuwa wakifanya majirani zake muda wote ule, na jinsi walivyoumia. Kumwitikia ni kumvuta. Akimjibu neno moja, Nives atabaki pale pale ukutani, ataupenda ukuta, mwisho atapita. Akafumba mdomo. Yeye, Settimio, aliyeomba neno moja kama ombaomba wa mlangoni, akanyamaza.

"Baba!"

Akaweka tofali la tatu. Jicho lake likafunikwa.

"Baba! Baba, nijibu! Najua upo!"

Akapiga lipu. Machozi yalidondokea mwiko, akayachanganya humohumo. Kutoka ndani aliitwa, akaitwa, kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa sauti ya utotoni ambayo Nives alikuwa akiitumia alipoogopa radi. Alitia masikio pamba ambayo hakuwa nayo. Viganja vyake vyote viwili viliegemea ukuta uliolowa, kuushikilia mpaka ushikane. Sauti ikapungua. Ikawa kilio. Ikaisha.

Bwana Fosco, chini ya mnara, aligeuka kutazama. Akaona ukuta mzima, hauna tundu. Akasimama akijikuna shingo, kisha akaketi kwenye ngazi na kuvua kofia.

Mlango mpana ukafunguka.

Nives akatoka. Amevaa viatu, gauni la kijivu, vumbi la matofali bado limo nyweleni. Akashuka ngazi moja moja kama mtu anayejifunza. Mtaa mzima ulikuwa dirishani, kimya, kwa sababu hakuna aliyejua amekuja kama nani. Uso wake ulikuwa umeonekana kwenye mlango ule, mwili haukupita. Mila haikuwa na neno la jambo kama hilo. Mkono wa Mama Zelinda ulikuwa ungali kwenye ubao wa dirisha.

"Nives," akaita. "Umeamkaje, mwanangu?"

Nives akasimama. Hakuitikia. Alikuwa amefika usawa wa baba yake, amesimama, macho chini, midomo imebana. Settimio hakutoa mikono ukutani. Mjibu, akasema moyoni. Nakuomba, mama yangu. Mjibu. Dirisha la Mama Zelinda lilianza kusogea, inchi moja, kisha nyingine.

Nives akajipangusa uso kwa kiganja, vumbi likampaka shavuni.

"Nimeamka salama, Mama Zelinda," akasema. "Na wewe je?"

"Salama, mwanangu! Salama kabisa!" Mama Zelinda akalia kwa sauti, dirisha akalisukuma likafunguka lote. "Pita, pita ununue mkate, ungali moto."

Nives akaenda. Alipita karibu na baba yake kiasi cha upindo wa gauni lake kumgusa goti, wala hakugeuka.